Daftari la Simu

Nilimfanyia kazi Orest Pidhirny miaka kumi na mmoja
katika chumba kilichokuwa zamani duka la kinyozi,
mji wa Zorya, jimbo la Saskatchewan,
ambako theluji huingia Oktoba kama shemeji:
haipigi hodi, wala haiulizi italala wapi.

Kazi yangu simu, na daftari la jalada la kijani.
Jina, shida, tarehe.
Jioni alipita, buti zikitiririsha maji sakafuni,
akasoma ukurasa mzima kwa kidole,
na pembeni akaandika kwa penseli.
*Kowbel, Anastazia: pensheni imekwama.* Nimepiga.
*Basi la shule haliwaki kwenye baridi.* Kesho.
*Daraja la Kijito cha Bata, mbao zimeoza.* Wiki ijayo.

Msidhani alikuwa mwongo. Nataka hili lieleweke.
Basi liliwaka. Bibi Kowbel alilipwa hadi senti ya mwisho,
akatuletea mtungi wa matango ya siki.
Na siku ya kura yenyewe nilimwona kwa macho yangu
akisukuma gari la mpinzani wake lililonasa mtaroni,
suti imeloa hadi magotini.

Kisha wakaja watu wa chama kutoka Ottawa,
wawili, viatu vyembamba.
Kahawa yangu hawakuimaliza.
Walisema taifa linamhitaji.
Taifa!
Tulimpa kura sote, hata mimi niliyejua hali ya zile mbao.
Nani asingetaka kusikia jina la Zorya
likitamkwa vibaya kwenye redio ya nchi nzima?

Wakampa Wizara ya Samaki.
Yeye, aliyeiona bahari mara moja tu, kwenye fungate,
na siku hiyo kulikuwa na ukungu.
Alinipigia usiku: "Odarka, chewa huishi kina gani?"
Nikacheka, akacheka.
Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja,
ingawa wakati ule nilidhani ni kicheko tu.

Baadaye walipiga vijana wake, sauti zimenyooshwa kwa pasi:
"Mheshimiwa amepokea ujumbe wako."
Alijifunza Kifaransa.
Akajua kutojibu kwa lugha mbili.
Kwenye televisheni mikono yake ilikuwa safi mno,
ameikunja kama mtu anayeficha sarafu kiganjani.

Mrithi wake hapa hutumia kompyuta.
Daftari nililiendeleza mwenyewe, kwa ukaidi,
nikinakili kurasa na kuzipeleka Ottawa kwa stempu zangu.
Machi wakalifunga daraja, wakapigilia ubao: HAPAPITIKI.
Niliandika. Nikaandika tena.
Ukingo wa karatasi ukabaki mtupu
kama shamba la Januari.

Mama yake alifariki katikati ya mavuno.
Kanisa liko ng'ambo ya kijito.
Gari jeusi likatoka uwanja wa ndege, likafika kwenye ubao,
likasimama kitambo, likageuka:
kilomita arobaini na mbili za changarawe,
nyuma ya mashine za kuvunia
zisizompisha mtu, awe waziri awe nani.
Padri alingoja. Jua lilikataa.
Alipofika, wanaume walikuwa wakifuta sepetu kwa nyasi.

Hakusema neno, nasi hatukumsemesha.
Wahenga husema aliye juu mngoje chini.
Mimi nilimngoja kweli,
lakini si kwa siku kama ile, si pale.

Kesho yake, saa mbili na dakika tano asubuhi,
simu ya ofisi ililia.
Namba ya nyumba ya marehemu.
Sauti ile ya zamani, yenye mafua.
Hakutaja cheo, nami sikumwuliza.
Nikachonga penseli. Nikafungua ukurasa mpya.

*Pidhirny, Orest. Daraja la Kijito cha Bata.*
*Anasema ni la haraka.*