Kipande Nisichokifagia

Oktoba ndio mwezi wangu wa taabu.
Mijakaranda haijui kwamba mshahara wangu ni ule ule:
inamwaga usiku kucha, zambarau juu ya zambarau,
na alfajiri mimi na Wanza, na fagio zetu za fito,
tunaanzia kona ya bustani ya Jivanjee
kuondoa kile ambacho wengine hukipiga picha.

"Kazi ya laana hii," Wanza husema, akikaza leso kiunoni,
"kulipwa ili ufiche uzuri."
Kisha anapiga chafya. Chavua humsumbua.

Babu alinisimulia kuwa reli ilipofika hapa ilichoka,
ikaketi bwawani, miguu ndani ya maji baridi,
nao watu wakajenga kuizunguka wakingoja inyanyuke.
Ukiinama kama ninavyoinama mimi,
utasikia chini ya mtaro, penye kifuniko kilichopasuka,
kitu kikibubujika bado, taratibu,
kama mtu anayejisemea jikoni.

Wasioinama hawajui.
Juu huko ghorofa zinashindana kwa vioo.
Huku chini, kizingiti cha duka la vitambaa mtaa wa Biashara
kina bonde dogo, laini kama kiganja,
lililochimbwa na visigino vya watu waliokwisha kufa.
Mvua ikipita, bonde hilo hushika maji ya kikombe kimoja,
na shomoro mmoja huja kuoga.
Mmoja tu. Wenzake anawafukuza.
Nimempa jina: Diwani.

Jirani yake, Hasmukh fundi saa, hufungua duka kabla ya jua.
Saa arobaini ukutani, kila moja na mawazo yake.
"Saa ngapi sasa?" humuuliza.
"Chagua, Kerubo. Zote ni za kweli mahali fulani."
Nami huchagua ile ya pembeni, iliyosimama saa nne,
kwa sababu saa nne ndiyo chai:
tangawizi mpaka masikio yawake,
shilingi ishirini, na kikombe kisicho na mkono
ambacho lazima ukikumbatie.

Kwenye ngazi za maktaba wako simba wawili wa mawe.
Jua humgusa wa kushoto kwanza, puani.
Nikimpangusa vumbi humwamkia.
Haitikii,
lakini tangu nianze kazi, wala hajanila.

Usidhani nimesahau kodi ya Huruma.
Urembo haulipi kodi; nimejaribu.
Nimewahi kumwambia mwenye nyumba habari za Diwani,
akacheka vizuri, akanipa siku mbili.
Siku mbili. Basi si haba.

Mama alizikwa Oktoba, mwaka wa mvua ya mawe.
Nilirudi kazini Jumatatu, na chini ya mti wa tatu
mkono ukakataa.
Nikafagia hapa, nikafagia pale,
nikaacha kipande cha zambarau, ukubwa wa mkeka wa mtu mmoja.
Tangu hapo hukiacha kila mwaka, mwezi mzima,
na miguu ya mji hukimaliza kufikia saa sita.
Sijamwambia mtu. Wanza anajua; Wanza hajauliza.

Wiki iliyopita akaja Bwana Lagat, msimamizi,
daftari kwapani, viatu vinang'aa kama macho ya mbuzi.
Akasimama mbele ya mkeka wangu.
"Na hapa je?"
"Bado," nikasema.
Fagio lilikuwa mkononi. Barabara nzima ilikuwa safi.
Akanitazama. Akautazama mti, ambao wakati ule ule
uliangusha ua jingine, bila haya.
"Bado," akarudia, akaandika.

Kisha akainua suruali kidogo magotini,
kama mtu anayevuka maji,
akapita ukingoni, polepole, akiangalia anapokanyaga.

Hakuona ua lililomnasa kisiginoni.
Lilikwenda naye hadi ofisini.
Sikumwita.