Kabla ya Kusaga

Mdomo wangu uko mezani kwa Daktari Jeruto,
umemiminwa plasta, mweupe kama chaki,
haujawahi kunywa maji ya kisima cha Kiptangwanyi.
Nauonea kijicho.
Ni wangu, lakini umelelewa kwingine.

Doa lako halikupakwa, anasema.
Liliingia jino likiwa bado changa ndani ya ufizi.
Hilo nalielewa. Mimi ni fundi cherehani,
sare za shule nne za Nakuru zimepita mikononi mwangu,
na nguo iliyotiwa rangi tangu uzi
huifui ikatakata.

Ananikunjulia njia kama nikunjuavyo vitambaa mbele ya mteja.
Dawa ya kung'arisha: nafuu, ila itaweupesha palipo peupe
na kahawia izidi kujitangaza.
Resini ya kupaka: haikati sana,
lakini chai itaizoea, itachubuka, itarudiwa.
Magamba ya kauri, membamba kama ukucha wa mtoto:
haya hudumu. Ila kwanza asage.
Kiasi gani?
Nusu milimita.
Unene wa kadi ya harusi, nawaza.
Na kitambaa kikishapitiwa na mkasi
hakirudi jorani.

Darasa la nane, mwaka wa tisini na nne,
mpiga picha kutoka mjini alituambia tucheke,
akatutazama,
akasema, basi fungeni midomo.
Tuko arobaini na watatu kwenye picha ile,
tumenyamaza kama waliofiwa na mwalimu mkuu,
naye kasimama pembeni, kafunga wake pia.

Kwa kioo kidogo ananionyesha mfereji kwenye jino la mbele.
Uzi huo. Miaka ishirini na sita nimeukata hapo,
pini nikazishika kwa haya mengine.
Kauri haitakubali, anasema.
Pini, uzi, vizibo vya soda, muwa,
mahindi ya kuchoma uyapukuchue kwa vidole.
Na usiku?
Usiku nasaga. Mume wangu Kimosop husema
ameoa mashine ya unga.
Basi kutakuwa na kofia ya plastiki ya kulalia,
kila usiku, maisha, kama chandarua.

Analeta ufito wenye meno kumi na sita,
kutoka rangi ya unga wa ngano hadi ya siagi.
Wengi hutaka la kwanza, anasema.
Nauchukua, natoka nao hadi mlangoni,
maana rangi ya uzi hailinganishwi chini ya taa ya dukani.
Jua la saa tano, vumbi, mtu anauza soksi.
La kwanza linafanana na sahani.
La sita linafanana na mtu.

Hajasaga. Amenipachikia jaribio juu ya meno yangu,
ndiyo bandi yake:
mteja ajitazame, kisha ifumuliwe.
Nimelivaa hadi Kiptangwanyi.
Mama akaacha kuchambua maharagwe,
akanishika kidevu, akanigeuzia mwanga
kama anayekagua kikombe kabla ya kulipa.
"Umefanana na shangazi yako wa Molo," akasema,
"yule aliyekuzwa kwa maji ya mvua."
Akacheka, mdomo wazi, kahawia yote nje,
nami nikacheka,
nisijue ulimi niuweke wapi.

Fomu bado iko mkobani, haijatiwa sahihi.
Ila jana nilinunua mkasi mdogo, shilingi mia na hamsini,
nimeutundika shingoni kwa utepe wa sare za Njoro.
Nikifika mwisho wa mshono
mdomo unaukimbilia uzi.
Mara nyingine mkono unauwahi.