Herufi Kubwa

Kazi yangu ni kusikiliza.
Navaa visikilizio, waheshimiwa wanasema,
vidole vyangu vinawafuata nyuma.
Wakipiga meza naandika (Makofi).
Wakicheka naandika (Kicheko).
Wakinyamaza hatukupewa alama.

Wiki hii ni Mswada wa Hifadhi kwa Watu Wasio na Makaazi.
Asubuhi nzima tuko kwenye tafsiri:
"makaazi" maana yake ni jengo lenye paa, kuta
na mlango unaofungika.
Mmoja akauliza, na banda la makuti jee?
Mwengine akasimama, nasikia kanzu yake ilivyopigwa wanga,
akasema Mzanzibari halali nje, ana ndugu,
mswada huu ni koti la kuazima, la watu wa baridi.
(Makofi)

Mimi nikamkumbuka Bi Mize Vuai.

Bi Mize ana ndugu. Wapo kumi na tisa,
warithi wote wa nyumba moja ya Mkunazini
isiyotiwa boriti mpya hata moja,
maana kila boriti ilitaka saini kumi na tisa
na saini mbili ziko Maskati, moja iko kaburini.
Mwezi wa Shaabani ghorofa ya juu ikashuka,
mchana, taratibu, kama mtu anayekaa kitako.
Yeye alikuwa dukani.
Alirudi na kibiriti, jiko halipo.

Sasa analala kwenye baraza yetu.
Tunampa chai, na mkate wa kumimina ukiwepo.
Hakuna anayemwita kwa jina la kwenye mswada.
Tunasema, Bi Mize yupo nje hapo,
kama kwamba ametoka kupunga upepo.

Kifungu cha kumi na mbili, kifungu kidogo cha pili:
mwombaji ataambatanisha barua ya Sheha
wa shehia anamoishi,
ikionesha nambari ya nyumba.
Nilirudisha sauti nyuma. Nikasikiliza tena.
Nambari ya nyumba.
Hakuna aliyecheka, kwa hivyo sikuandika kitu.

Jioni nikamuuliza. Kwa sheha keshakwenda.
Sheha mtu mwema, alimpa kiti,
akafungua daftari, akashika kalamu:
nyumba nambari ngapi, mama?
Nikamwambia, mwanangu, nambari ninayo,
nyumba ndiyo sina.
Kibao chake alikiokota kwenye kifusi,
amekifunga katika kanga pamoja na kile kibiriti.

Mtaani kwetu tunasema baraza ya.
Kule Chukwani wanasema Baraza la.
Neno ni lile lile, limehama ngeli
lilipopata cheo.

Siku ya tatu mama mmoja wa viti maalum,
sauti ndogo, ikabidi niongeze hadi mwisho,
akasema anamjua mwanamke anayelala barazani.
Sijui kama ni wetu. Labda kila mtaa una wake.
Niliandika nilivyosikia: anayelala barazani.
Rasimu ikarudi kwa mkaguzi, wino mwekundu:
Herufi kubwa. Tazama mwongozo, ukurasa wa nne.

Nikasahihisha. Mimi mfanyakazi mtiifu.
Basi katika kumbukumbu rasmi za mkutano huu
yupo mwanamke analala Barazani,
chini ya viyoyozi, kwenye zulia,
na hakuna aliyeomba mwongozo wa Spika kumtoa.

Mswada umepita.
Utaanza kutumika siku Waziri atakayoitangaza.
Masika yamewahi kabla ya tangazo.

Bi Mize ananionesha: mvua ya juu haina neno,
roshani ya jirani imejitokeza;
tabu ni ile inayokuja kwa ubavu.
Na jiwe, anasema, lina tabia yake.
Linakukopesha joto la jua mpaka saa nne za usiku,
halafu linaanza kukudai.