Kibaba cha Mfuto

Haba na haba hujaza kibaba.
Hapo methali hunyamaza.
Haisemi lolote juu ya punje inayofuata.

Mimi nalipwa, hapa Dundee, kwa ajili ya punje hiyo.

Ghorofa ya tatu, kiwanda cha zamani cha magunia.
Mvua ikinyesha kuta zinanuka mafuta ya nyangumi,
au ndivyo adaivyo Eilidh, ambaye bibi yake alifuma humu.
Januari. Saa kumi na mbili kamili asubuhi,
na jua bado ni habari ya saa tatu.
Saa zangu huhesabu tangu mapambazuko;
hapa zinaanza gizani, kwa kukisia.

Simu ilitoka Lochee, nyumba za wazee:
lifti imepagawa.
Mlango unafunguka, unajifunga, unafunguka,
usiku kucha, na Bi Petrie wa chumba cha kumi na nne
amekaa koridoni, koti juu ya nguo ya kulalia,
akiuambia kwa adabu: amua basi, mwanangu.

Mlango uliagizwa vizuri tu:
subiri milele, mpaka mtu abonyeze.
Na milele, katika maktaba yetu, ni namba,
kubwa kuliko zote zinazoenea.
Maktaba ikachukua sasa, ikajumlisha na milele,
ikapata jana. Siyo jana hii:
miaka sitini na minane nyuma,
Bi Petrie msichana wa kumi na saba,
magunia yakifumwa hapa nilipokaa.
Muda umepita, ikasema maktaba. Fungua.
Muda umepita. Funga.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano.
Nikajumlisha, ndipo nikauliza: jibu limekuwa hasi?
Kompaila akalisoma swali langu.
Jumla ya chanya mbili haiwi hasi, sheria yasema hivyo;
akalifuta, bila hodi wala kwaheri.
Majuto ni mjukuu, na kompaila hatambui wajukuu.

Eilidh akasema tupanue kipimo, biti sitini na nne.
Kutoka kibaba hadi kisaga, nikamwambia,
na ilibidi nimweleze kisaga ni nini.
Sawa, tupanue. Lakini aliyeomba milele
atakijaza kisaga nacho mpaka mdomoni,
na sasa itakuwa punje juu yake.

Nikamkumbuka shangazi Mwajabu, soko la Makorora,
na choroko zake.
Hakumimina kwanza akaokota baadaye.
Kiganja kilikuwa kimeshakaa ukingoni mwa kopo
kabla choroko hazijafika.
Wateja walimlilia kibaba cha tele, chenye kilima.
Alitoa mfuto. Walinuna. Walirudi.

Kwa hiyo: toa kabla ya kujumlisha.
Chukua ukomo, toa sasa.
Nafasi iliyobaki ikiwa haba kuliko unachoomba,
usivuke, usirudi nyuma. Simama ukingoni.
Mistari mitatu.
Na jaribio moja, lenye milele ndani yake.

Saa tatu kasorobo anga juu ya Mto Tay likapauka,
rangi ya maji ya mchele.
Eilidh akapiga simu Lochee.
Umetulia, walisema. Umefungwa, unangoja.
Bi Petrie amebonyeza mara mbili kuhakikisha,
na mara zote mbili ulimfungulia,
naye akakataa kuingia.