Ipi, Baba?

Kiharusi kilipita kwa baba mwezi Februari
kama mwizi asiye na haraka:
kikabeba majina yetu sote, siku za wiki,
bei ya nyama kwa ratili, matusi yake yote mazuri,
kikamwachia neno moja tu kizingitini.
Pudini.

"Ni bahati," akasema Bi Nasreen, mtaalamu wa usemi,
"wengine hubaki na *ndiyo* peke yake."
Bahati! Hajui sisi watu wa Bury
tumelitwika neno hilo mizigo ya nyumba nzima.

Kwanza nikadhani ni ile nyeusi,
kwani Wilf Entwistle aliuza nyeusi miaka arobaini na mmoja,
damu ya nguruwe, shayiri, vipande vya mafuta,
ndani ya utumbo uliopindwa kama chuma cha kwato ya farasi,
na mikono yake ilinukia mnanaa-pori hata kanisani.
Nikampasulia moja, nikaitia haradali.
Akaila yote. Akafuta mdomo.
"Pudini," akasema, kama mtu ambaye bado hajaandaliwa.

Basi labda ile ya Yorkshire, ya mama
(alivuka milima kuja kuolewa, hakusamehewa na upande wowote):
unga, mayai, maziwa; ukiumimina kwenye mafuta yanayofoka
unafura kama shavu la mpiga tarumbeta.
Alitulisha hiyo kwanza, na mchuzi,
ili nyama ikifika tusiwe na pa kuiweka.
Baba akatikisa kichwa.

Ya njegere? Akatikisa.
Ya mchele, yenye ngozi juu, ile mimi na Keith
tuliyopigania kwa vijiko? Akatikisa, ila polepole.

Na kwetu kitamu chochote baada ya chakula ni pudini,
hata tofaa, hata nusu ya biskuti.
Nikampangia mezani kama mwenye duka.
Akanitazama kwa huruma.

Nikakumbuka kiangazi cha mwaka sabini na sita,
mimi na miaka yangu kumi na saba, na mama akinong'ona
kwamba nimejiunga na klabu ya pudini.
Ndivyo wasemavyo hapa msichana akishika mimba,
kana kwamba kuna kadi, na ada, na mkutano wa Jumanne.
Siku ile baba hakusema neno.
Alikuwa nayo yote, maneno, akayatia mfukoni,
akatoka, akarudi na kigari cha mtoto cha mtumba,
akakesha akiyapaka mafuta magurudumu.

Jumapili iliyopita nikapika ya Krismasi:
zabibu kavu, mafuta ya figo, brandi, sarafu ya peni sita.
Nikaushika mkono wake wa kulia, ule uliolala,
tukakoroga pamoja, mashariki kwenda magharibi.
Nikaifunga kitambaani, nikaibandika itokote saa nane.

Saa ya sita ilinikuta nimekaa miguuni pake.
"Pudini," akasema.
Moyo ukanidunda. Maana ndivyo alivyoniita
nilipokuwa mnene, mwenye meno mawili.
"Mimi, Baba? Ni mimi?"
Machozi yalikwisha kujipanga foleni.
"Pudini!" Akapiga kiti. "Pudini! Pudini!"
akanyoosha mkono mzima kuelekea jikoni
ambako maji yalikuwa yamekauka zamani
na moshi unaingia sebuleni bila kubisha hodi.

Tulikula ya katikati, isiyoungua, kwa vijiko vya chai,
madirisha wazi, makoti mwilini.
Alicheka mpaka akapaliwa.
Peni sita hatukuiona. Itakuwa imo kwenye ukoko;
sufuria nimeiloweka tangu jana.