Ukurasa wa Kumi na Nne

Kitabu ni chembamba, jalada limeliwa na unyevu wa jikoni.
Kushoto Kihispania, cha kwake,
kulia Kiingereza, ambacho si cha kwake wala changu.
Saa nane mchana, vyombo vikishakauka,
Mama Wilmer anavuta kiti, ananiita, "Somoe,"
mkazo ukiangukia palepale alipouweka mama yangu.

Yeye katoka Hondurasi, mumewe anapima udongo wa madaraja.
Mimi nakuja Mikocheni kutoka Tandale, nafua, napika,
na cheti changu cha kidato cha nne kina F ya Kiingereza,
nyekundu mpaka leo, ijapokuwa wino ulikuwa mweusi.

Bwana Tomu ana mwavuli.
Bwana Tomu anakwenda benki.
Bwana Tomu anauliza bei ya mkate, anaambiwa, analipa, anaondoka.
Hivyo tu!
Hakusema ghali, hakujifanya anaondoka ili aitwe,
hakuuliza muuzaji kaamkaje, na yule mtoto, homa imeshuka?
"Huyu ana haraka," nikasema.
Mama Wilmer akatikisa kichwa. Hata kwao, nadhani,
mkate una mazungumzo yake.

Tulisoma kama tulivyozaliwa: a ni a, e ni e,
kila herufi ilipwe ujira wake.
Kisu chao kina K mlangoni, haisomwi,
imekaa tu kama mlinzi wa geti la jirani,
kofia kichwani, kalala.
Sisi tukaiamsha kila siku. Ka-ni-fe!
Wilmer akirudi shule anatucheka mpaka begi linamdondoka,
wanawake wawili, bahari mbili, kosa moja.

Siku ya meza sikuitarajia.
Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatafuta neno la Tomu,
akalikosa, akaguna: "Mesa."
Meza, nikasema.
"Mesa."
Meza!
Tukatazamana kama watu waliogundua ukubwani
kwamba wamenyonya ziwa moja.

Basi kitabu tukakifunika kidogo, tukapekua nyumba.
Pera nilimletea kutoka Kisutu, akaling'ata, akacheka,
kwao pera ni tunda jingine, la baridi, lenye shingo.
Kasa, akasema, akanionyesha kuta, dari, mlango.
Kasa wangu mimi yuko baharini.
Nikamchora nyuma ya risiti ya LUKU,
na gamba lake mgongoni, popote aendapo.
Aliitazama ile picha muda mrefu. Hakucheka.
Akaibandika kwenye friji.

Masika yalipoingia, ubavu ukamwinamisha.
Bwana Tomu, ukurasa wa kumi na nne, yuko kwa daktari:
kichwa kinamuuma, anapewa kidonge, anashukuru.
Tulikuwa tumeukariri wote wawili.
Lakini daktari alimwaga Kiingereza
kama karanga kwenye sinia la bati,
na Mama Wilmer, kajikunja pale kitandani,
hakubakiwa na kitu, hata mwavuli.
"Duele," alisema. Mkono ubavuni,
macho kwenye mlango wa choo, kisha chini.

Nikasema, "Daktari, kunamuungua hapa,
tangu usiku hajalala,
na anaona haya kutaja mkojo."
Daktari akaweka kalamu. "Sasa dada, si ungeanza hivyo?"

Kiingereza tulikiacha nje, kwenye benchi,
kimekaa na Bwana Tomu, wanasubiri namba yao.

Kapona. Tuko ukurasa wa kumi na tano, stesheni.
Treni imechelewa, anasoma, polepole,
kila herufi ikilipwa.
Hiyo naijua, namwambia.
Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli,
kaandika neno ambalo si la kushoto, si la kulia, wala si langu.
Nitamuuliza kesho. Maharage yanaanza kushika chini.