Hesabu ya Mkate

Tumpe amenishusha langoni, amewahi zamu hospitali.
"Saa tisa nakufuata, baba. Usivue kofia."
Upepo wa Culloden haupigi hodi:
unaingilia kwenye kola,
unakaa mbavuni kama mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa mpishi wa kikosi, Kagera.
Silaha yangu mwiko.
Uwanja wa vita nausoma kwa tumbo.

Bi Seonaid, mtembeza wageni, ananyoosha fimbo:
huku kwenye bendera za buluu walisimama watu wa milimani,
kule kwenye nyekundu, majeshi ya mfalme.
Aprili, na mvua ya barafu ikiwachapa usoni.
Usiku kucha walitembea wamvizie adui usingizini,
kukawapambazukia njiani, wakarudi wanaburura miguu,
wengine wakaanguka mitaroni, wakalala
usingizi usiosikia mzinga.

"Walikula nini?" nauliza.
Anasita. Wageni huulizia panga.
"Biskuti moja kila mtu. Mkate ulibaki mjini."

Mjini! Inverness ile pale,
mwendo wa kuchemsha maharage.
Mkate ulibaki mjini.

Basi namtunga jemadari wangu, papo hapo, nyasini.
Simpi farasi mweupe. Nampa daftari.
Wenzake wanahutubia; yeye anahesabu magunia,
anawaamsha wenye mikokoteni kwa majina yao,
anakanyaga tope hili kwa kisigino, linamvuta kiatu,
anasema: si hapa. Ng'ambo ya mto, kwenye mwinuko.
Kisha anakuja jikoni, kama Meja Lukelo wetu,
anachovya kidole chunguni, anasema: chumvi.
Watu wanakula.
Watu wanalala.
Asubuhi panga zinashuka mikononi mwa walioshiba,
na mawe haya yenye majina ya koo
yanabaki mawe tu, ya kukalia wachunga kondoo.

Nimeshinda vita, natabasamu peke yangu kama mjinga,
Bi Seonaid ananigusa kiwiko:
"Wale wa nyekundu walishiba. Siku moja kabla, walipumzika kambini.
Na inasimuliwa walifunzwa mbinu:
usimchome aliye mbele yako, ngao yake inakutazama;
mchome wa kuliani, anapoinua mkono."

Kumbe alikuwepo.
Na daftari lake, na kidole chake chunguni.
Ila alisimama kule.

Nikamkumbuka Meja Lukelo akilamba kidole.
Miaka yote hii, sikuwahi kujiuliza
wale wa ng'ambo yetu
walikula nini asubuhi ile.

Nafungua kopo la Tumpe: chapati mbili, yai.
Namega kipande, nakiweka juu ya jiwe.
"Tafadhali," anasema Bi Seonaid, "kunguru watajaa."
Nakichukua tena.
Nakula nimesimama, mgongo kwenye upepo.
Imepoa. Chumvi haitoshi.